KABLA HALIJALAZWA BOMBA



Hapana mtu katika Kiuyu asiyejua maji yake ya kunywa yatoka wapi. Muulize mtoto wa skuli atakuonyesha kisima, au mfereji wa mtaa na zamu ya mama yake. Lakini muulize mtu mzima, tena mwenye elimu yake, maji aliyokwisha kuyatumia yaenda wapi, naye atakutazama kana kwamba umemuuliza jambo la fedheha. Kwa wenye haya twaomba radhi, maana leo twataka kulisema jambo hilo bila ya kificho. Twataka kusema juu ya maji machafu, na khasa juu ya sheria ya kitu gani kiruhusiwe na kitu gani kikatazwe kumwagwa ndani ya bomba au shimo litakalotumiwa na watu wote.

Sababu ya kulisema leo ni hii. Tangu miaka ya 1990 tumekuwa tukiambiwa kwamba Micheweni ni eneo huru la uchumi, na kwamba viwanda vitakuja. Chamanangwe, katika Wilaya ya Wete, imetengwa kuwa mahali pa viwanda, na mwani wetu umetajwa mbele ya kila kitu. Sisi si maadui wa viwanda. Tangu kilimo cha mwani kilipoanzwa kwa biashara mwaka 1989 katika Unguja, na kisha kikaenea kwetu, Pemba imekuwa ndiyo itoayo sehemu kubwa ya mwani wote wa visiwa hivi, na wengi wa wanaoulima ni wanawake. Wao husimama ndani ya maji ya chumvi tangu bahari ikitoka mpaka ijae, na bei hupangwa na watu wasioulowesha hata unyayo. Ikiwa mwani utasafishwa hapa hapa na faida ikabaki hapa, hapana Mpemba atakayelia. Tunachouliza ni kimoja: maji ya kiwanda, yakishafanya kazi yake, yataingia wapi, na nani atakayeyapima kabla hayajaingia?

Wapo watakaosema kwamba swali hili ni la mapema, kwa kuwa Pemba haina mtandao wa mabomba ya maji machafu kama ulioko Mji Mkongwe. Watu wana makaro yao na vyoo vyao vya shimo, basi sheria ya bomba ambalo halijalazwa ni ya nini? Rai yetu ni kinyume cha hiyo. Kiwanda hujengwa mara moja. Mahali pa mashine, mteremko wa mitaro na tangi la kutulizia maji yake hupangwa katika karatasi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ukimletea mwenye kiwanda sheria baada ya kufungua mlango, atakuambia hana nafasi na hana fedha, na aghalabu atakuwa asema kweli. Ukimwonyesha sheria kabla hajachora ramani, ataichora ramani kwa kuifuata. Kwa hivyo wakati wa sheria ni huu, kabla halijalazwa bomba.

Tena nchi yetu ya upande huu haisamehe. Kuanzia Micheweni mpaka Ras Kiuyu, pahala pengi ukichimba shibiri chache tu wakutana na jiwe la matumbawe, nalo limejaa matundu kama mkate wa kumimina. Udongo mnene wa shamba la mikarafuu huyachuja maji yapitapo taratibu, lakini jiwe la namna hii halichuji kitu. Kinachomwagwa juu hushuka kwa njia za ndani ambazo hapana mtu aliyeziona, kikatokea katika kisima cha jirani au ufukweni, pale pale ambapo wanawake wamefunga kamba zao za mwani na watoto wanatafuta pweza. Mtu wa Wete aweza kuchimba karo na akadhani amelizika jambo. Mtu wa Kiuyu amelisafirisha tu.

Na madhara yake si hadithi. Kipindupindu kiliingia Zanzibar mwaka 1869, na Dokta James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati ule, akayafuatilia mapito yake na kuyatungia kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876. Baada ya hapo ndipo Seyyid Barghash alipoyaleta mjini maji ya chemchem kwa mfereji, jambo ambalo watu wa Mji wanamwombea kheri mpaka leo. Lakini yaliletwa maji safi, na habari ya maji machafu ikabaki pale ilipokuwa. Zaidi ya miaka mia moja ilipita, na mwaka 1978 kipindupindu kikazuka tena visiwani katika kijiji cha wavuvi, wakaugua watu 411 na kufa 51. Kikarudi mara baada ya mara. Mwaka 2009 walichanjwa watu wa shehia sita, na tatu kati yao zilikuwa za Pemba: Kengeja, Mwambe na Shamiani. Mwaka 2015 na 2016 kikatupiga tena, wakaugua zaidi ya watu 4,000 katika visiwa vyote, hata Serikali ikapiga marufuku uuzaji wa vyakula barabarani. Muuza juisi akafungiwa meza yake siku moja, na shimo linalovuja likabaki wazi. Baada ya hapo Serikali ikatunga mpango wa kukiondosha kabisa kipindupindu, wa kutoka mwaka 2018 mpaka 2027. Muda wa mpango huo hauko mbali, na twapenda kuuliza ni makaro mangapi yaliyokaguliwa kwa jina lake.

Hayo ni ya vinyesi. Viwanda vina habari nyengine, na hapa twawaomba wasomaji watuvumilie kidogo, maana jambo hili halieleweki bila ya kuelezwa.

Kila aliyesoma chuoni amefundishwa kulateni. Maji yakiwa chini ya kipimo hicho hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Yakiwa kulateni au zaidi hayanajisiki mpaka yageuke rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Wazee wetu walikuwa na sheria ya maji, tena sheria yenye kipimo, karne nyingi kabla ya kuletewa Bwana Afya. Lakini viwanda vya zama hizi vimeleta vitu ambavyo havigeuzi rangi wala tamu wala harufu. Katika Minamata, nchi ya Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba ya wavuvi kwa miaka mingi. Maji yalionekana maji, na samaki walionekana samaki. Kwanza paka wa kijiji wakashikwa na wazimu wakawa wanazunguka na kuanguka, kisha wakafuata watu, na watoto wakazaliwa na vilema. Maradhi yale yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda hakikuacha kumwaga mpaka mwaka 1968. Waliothibitishwa na Serikali kuwa wameugua wamepindukia 2,000. Wote hao walikuwa watu wa namna yetu, wenye kula walichokivua.

Hatusemi kwamba kiwanda cha mwani kitamwaga zebaki. Twasema kwamba jicho na ulimi havitoshi tena, na lazima pawe na kipimo na mtu wa kukishika. Mwani, ili utoke ile ute iendayo katika vyakula na dawa za meno, hupikwa katika maji ya potasi kali na kuoshwa tena na tena. Maji yake ni mengi. Ukali wa namna hiyo hupimwa kwa hesabu iitwayo pH: 7 ni maji ya kati na kati, na kila hatua moja juu yake ni ukali wa mara kumi. Maji ya kupikia mwani hufika 12 na kupindukia. Kipimo cha Tanzania cha maji machafu, TZS 860, kinataka yatokayo kwenda mtoni au baharini yasipungue 6.5 wala yasizidi 8.5. Tofauti hiyo haiondoki kwa dua. Huondoka kwa tangi, na mtu wa kutia tindikali kwa kiasi, na daftari la kila siku. Gharama yake si ya kumfilisi mtu, bali ni gharama, na mwenye kiwanda asiyelazimishwa hatailipa.

Kuna kipimo cha pili, nacho ni cha pumzi. Uchafu wa kuoza ukiingia majini, vijidudu huula, na katika kuula huivuta pumzi iliyomo majini mpaka samaki wakakosa. Wataalamu huyaweka maji kwa siku tano katika joto la digrii 20 na kutazama pumzi kiasi gani imeliwa. Kipimo hicho hicho cha Tanzania kinaruhusu miligramu 30 tu katika lita. Maji ya nyumba zetu, ya choo na jikoni pamoja, aghalabu huwa na miligramu 200 mpaka 400. Damu ya machinjioni yapita 100,000. Kwa hivyo mwenye kuiachia damu ya ng'ombe mmoja katika mtaro amefanya kazi ya nyumba nyingi sana, na pengine yeye adhani ameosha sakafu tu. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na ghuba zetu si pana kama zinavyoonekana wakati wa bamvua.

Sasa, msomaji asichanganye mambo mawili. Maji yatokayo kwenda baharini yana kipimo kimoja, na maji yanayoingia katika bomba la watu wote, ambalo mwisho wake ni mabwawa ya kusafishia, yana kipimo chengine kilicho chepesi zaidi, kwa kuwa bado yatasafishwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2006, kwa mfano, ziliruhusu miligramu 500 za uchafu wa kuoza kuingia katika bomba, na 30 tu kutoka kwenda nje. Wepesi huo ni wa haki. Lakini una sharti lake, nalo ni kwamba mwisho wa bomba pawe kweli na mahali pa kusafishia. Katika Mji Mkongwe mabomba ya zamani yamekuwa yakiyapeleka maji moja kwa moja baharini bila ya kusafishwa, na mwaka 1995 wataalamu walieleza katika jarida la Ambio jinsi uchafu wa namna hiyo unavyoudhuru mwani mgumu ule uushikao mwamba wa matumbawe usibomoke. Bomba lisilo na mwisho halistahiki kuitwa usafi. Limewahamisha uchafu matajiri na kuwapelekea wavuvi. Pemba, ambayo haijalaza bomba lolote la namna hiyo, ina bahati ya kuweza kuanza upande wa mwisho: mabwawa kwanza, bomba baadaye.

Na hata palipo na mabwawa, yapo mambo ambayo hayaruhusiwi kuingia kabisa, nayo si mageni kwa yeyote aliyewahi kuzibua choo. Mafuta ya kupikia huingia ya moto na kuganda njiani. Mwaka 2017 London, mji wa watu wajuao mabomba tangu karne ya kumi na tisa, walikuta chini ya Whitechapel donge la shahamu na matambara lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Petroli na mafuta ya taa hutoa hewa ya kuwaka. Katika mji wa Guadalajara, Mexico, mwezi wa Aprili 1992, petroli iliyovuja na kuingia katika mabomba ya maji machafu ilizipasua njia za mji kwa kilomita kadhaa, wakafa zaidi ya watu 200. Oili chafu ya gereji, maji ya betri yenye risasi, dawa za kuulia wadudu na rangi za viwanda huwaua vijidudu vile vile ambavyo kazi yao ni kuyasafisha maji, na wakifa hao mabwawa yote huwa madimbwi tu. Mchanga na matambara huziba. Dawa na damu za hospitali zina hukumu yao peke yao. Maji ya mvua nayo hayana ruhusa, ingawa ni safi, kwa sababu masika ya kwetu yakiingia katika bomba dogo huyafurisha yaliyomo mpaka yakatokea katika vyumba vya watu. Ama hewa ile inukayo yai bovu, itokayo katika makaro yaliyofungwa, twawakumbusha vijana wanaolipwa kushuka mashimoni kwamba huua mtu kabla hajawahi kupanda ngazi, na anayemfuata kumwokoa humfuata kweli kweli.

Ni nani mwenye kulisimamia jambo hili kwetu? Hapo ndipo penye kisa. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mamlaka ya Maji, ZAWA, na watu wakajua pa kushitakia ukosefu wa maji. Maji machafu, kwa muda mrefu, yamekuwa ya mabaraza ya miji na wilaya, ambayo hayana vyombo vya kupimia wala mafundi wa kutosha. Sheria ya Mazingira, Namba 3 ya mwaka 2015, ikaunda mamlaka nyengine, ZEMA, na kutaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kujengwa. Ipo pia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2012. Basi sheria si haba. Lakini mwanamke wa Kiuyu akiona mwani wake umegeuka mweupe na kukatika, apeleke kilio chake kwa nani kati ya hao? Kila mmoja atamwonyesha mlango wa mwenziwe. Na hapa hapana wa kusingiziwa, kwa kuwa mazingira hayamo katika mambo ya Muungano. Jambo hili ni letu wenyewe, liko katika mikono ya Serikali ya Zanzibar mwanzo na mwisho.

Tunachokitaka si kikubwa. Twataka kanuni moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila ofisi ya sheha, yenye kutaja vitu vilivyokatazwa na vipimo vya vilivyoruhusiwa. Twataka kila kiwanda, hoteli, gereji, machinjio na hospitali iwe na kibali chake, na nje ya ukuta wake pawe na chemba ambayo Bwana Afya aweza kuifungua wakati wowote bila ya kuomba ufunguo kwa meneja. Matokeo ya vipimo yatangazwe. Siri ya biashara ni namna ya kupika. Kilichomwagwa katika bahari ya watu si siri ya mtu. Anayeleta uchafu mwingi alipe zaidi kuliko anayeleta kidogo, kama ilivyo desturi katika miji mingi ya dunia, maana bila ya hivyo mjane mwenye choo kimoja atamlipia tajiri. Magari yanayonyonya makaro nayo yaandikwe: yamenyonya wapi, yamemwaga wapi. Dar es Salaam yana mabwawa ya kuyapokea, kama yale ya Vingunguti. Kwetu, gari likishajaa na kuondoka, ni watu wangapi wajuao liendako?

Na twasisitiza kwamba sheria ianze na Serikali yenyewe. Hospitali za Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni ni zake. Kiwanda cha mafuta ya makonyo pale Wawi ni cha shirika lake. Ikianza huko, mwenye mtaji atakayekuja kesho hatakuwa na la kusema. Lakini ikiwa sheria itaanza kwa kumtoza faini mama ntilie aliyemwaga maji ya sufuria, na kiwanda kikapewa miaka mitano ya kujitayarisha, basi ni bora tusiwe nayo.

Tumesikia pia hoja kwamba masharti yatawakimbiza wenye mitaji. Haya, wakimbilie wapi? Kenya kuna masharti, Bara kuna masharti, na Ulaya, wanakotoka wengi wao, masharti ya maji machafu ya miji yamekuwako tangu mwaka 1991. Atakayekuja Pemba kwa sababu tu ameambiwa hatapimwa, huyo ametuona sisi ndio mabwawa yake ya kusafishia.

Baraza la Wawakilishi litakapokutana Chukwani kwa kikao chake kijacho, twawaomba Wawakilishi wa Kaskazini Pemba, wa chama chochote, wasimame na kumuuliza Waziri mambo mawili tu. La kwanza, tathmini ya mazingira ya eneo la viwanda la Chamanangwe yasema nini juu ya mahali yatakapoishia maji ya viwanda, na kwa nini nakala yake isiwekwe katika ofisi za masheha wa Kiuyu na Kojani ili watu waisome. La pili, katika kisiwa hiki kizima kuna mtu mmoja, na chombo kimoja, cha kuyapima maji hayo siku yatakapotoka? Jawabu yoyote watakayopewa tutaichapa katika ukurasa huu, neno kwa neno.